Doa kwenye suti, hariri na nguo za sherehe: kabla hujasugua, soma uzi huu

Pindo la Ndani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kutunza nguo za watu: suti, magauni ya sherehe, blauzi za hariri, majoho ya mahafali. Zinaletwa zikiwa na madoa, na mara nyingi doa lenyewe si tatizo. Tatizo ni kilichofanyika kabla nguo haijanifikia. Mtu kamwagikiwa, kashtuka, kasugua kwa nguvu, kaongeza maji ya moto, kapaka dawa ya kung'arishia, halafu kapiga pasi akiamini kazi imekwisha. Doa lile ningelitoa. Nyuzi zilizokatika sina namna ya kuziunga, na rangi iliyochujuka hairudi. Nguo nyingi nzuri zinaharibiwa na haraka ya mwenye nguo kuliko na kile kilichomwagika. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Tuanze na kitambaa, maana dawa inayookoa shati la pamba inaweza kuimaliza blauzi ya hariri.

Sufu na hariri zinatokana na wanyama, yaani ni protini. Sufu imeundwa kwa keratini, ileile iliyomo kwenye nywele na kucha zako. Kwa hiyo chochote kinachokula protini kinakula na nguo. Dawa ya klorini ndiyo mbaya kuliko zote: kipande cha sufu kikiachwa ndani yake kinayeyuka. Sabuni nyingi za unga nazo zina alikali, yaani kinyume cha asidi, na zimetiwa vimeng'enya vya kuvunja protini ili vitoe damu, yai na maziwa kwenye pamba. Vimeng'enya hivyo havijui kutofautisha yai na hariri. Tafuta sabuni ya maji iliyoandikwa kwamba ni ya sufu na hariri.

Pamba na kitani zinatokana na mimea. Hizi zinavumilia alikali na maji ya moto, ila asidi kali huzidhoofisha. Viskosi asili yake ni mti, lakini ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa hiyo usiikamue kwa kuisokota, utaivuta mpaka ipoteze umbo. Poliesta ni ngumu kuharibika, ila mafuta huipenda na yakishaingia hayataki kutoka.

Halafu kuna asetati. Hii naomba muishike vizuri. Ipo kwenye bitana za makoti mengi na kwenye satini za magauni, na inayeyuka kwa asetoni, kile kiyeyushi kilichomo kwenye dawa nyingi za kuondolea rangi ya kucha. Mtu anadondokewa na rangi ya kucha kwenye gauni, anachukua dawa ya kuondolea rangi ya kucha, anagusa kwa pamba, na pale alipogusa pananata, panajikunja, panatoboka. Hakuna kurudi nyuma. Kama lebo haisemi ni kitambaa gani, asetoni isiguse nguo hiyo.

Lebo yenyewe wengi hawaisomi kwa sababu imejaa alama. Beseni ni kufua, pembetatu ni dawa za kung'arisha, mraba ni kukausha, pasi ni pasi, duara ni kazi ya dobi wa kitaalamu. Alama iliyopigwa mkasi inamaanisha usifanye. Nukta ndani ya pasi ni joto: moja ni mwisho 110°C, mbili 150°C, tatu 200°C. Ukiona herufi P ndani ya duara, dobi anaruhusiwa kutumia kiyeyushi kinachoitwa perkloroethilini. F ni viyeyushi vyepesi vya haidrokaboni tu, yaani vya jamii ya petroli. W ni kusafisha kwa maji kitaalamu. Kistari chini ya duara kinamwambia aende taratibu.

Sasa kusugua. Ichukue hariri nyeusi iliyolowa uisugue kwa kidole, kisha iache ikauke. Utaona pale pana alama ya weupeweupe, kama vumbi la chaki, na ukipangusa haitoki. Lile si vumbi. Uzi wa hariri ukilowa unakuwa dhaifu, na msuguano unauchana kuwa vinyuzi vidogo sana vinavyotawanya mwanga. Ukitazama kwa lenzi utaviona vimesimama. Doa limeondoka pengine, na mahali pake pamebaki jeraha la kudumu. Ndiyo sababu nasema kila siku: hariri haisuguliwi, inakandamizwa.

Namna ya kukandamiza ni hii. Kama kuna kitu kizito juu, kwangua kwa ukingo wa kijiko bila kukididimiza. Weka kitambaa cheupe safi upande wa ndani wa nguo, chini ya doa. Kwa kitambaa kingine cheupe gusa, bonyeza, inua. Geuza upate sehemu kavu, rudia. Anza ukingoni mwa doa ukielekea katikati, la sivyo unalipanua. Kitambaa kiwe cheupe kwa sababu leso ya rangi ikilowa inaweza kuchuja ikakuongezea doa la pili. Na dawa yoyote unayotaka kutumia, hata maji, ijaribu kwanza ndani ya pindo au kwenye ukingo wa mshono usioonekana. Subiri ikauke ndipo uamue.

Mwisho wa sehemu hii: hakuna joto mpaka doa liwe limetoka kabisa. Si pasi, si kikausha nywele, si jua kali. Joto linagandisha protini na kuunguza sukari ndani ya uzi.

Nipo, ulizeni.

Kola Nyeupe

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Nilidondokewa na divai nyekundu kwenye suti ya sufu ya kijivu. Mmoja akasema nimwagie chumvi, mwingine akasema nimwagie divai nyeupe juu yake. Nikakandamiza kwa leso tu. Ipi ilikuwa sahihi?

Pindo la Ndani (mleta mada)

Leso ndiyo iliyokuwa sahihi, hongera kwa utulivu. Chumvi inanyonya unyevu kidogo, lakini leso inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, na kwenye hariri za rangi chumvi yenye maji inaweza kuacha alama. Divai nyeupe inakuongezea kimiminika chenye sukari na asidi juu ya kile ulichotaka kukipunguza. Maji safi ya baridi yanafaa kuliko divai yoyote.

Divai, chai, kahawa na maji ya matunda ni kundi moja: yana tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni, au rangi za mimea. Kundi hili usilipake sabuni ya mche, inaweza kulifanya ling'ang'anie. Lowesha kitambaa cheupe kwa maji ya baridi, kikamue, kandamiza mpaka hakitoi tena rangi. Kama bado kuna kivuli, changanya siki nyeupe na maji, sehemu moja ya siki kwa sehemu tatu za maji, jaribu kwenye pindo, kisha kandamiza kwa mchanganyiko huo na umalizie kwa maji matupu. Sufu inavumilia asidi nyepesi vizuri.

Kuna jambo la kundi hili ambalo watu hawalijui. Kinywaji cheupe chenye sukari, kwa mfano soda isiyo na rangi au divai nyeupe, kikikauka kwenye nguo hakionekani. Unaitundika kabatini ukiamini ni safi. Baada ya wiki au miezi, sukari ile inaungana na hewa na kugeuka njano, kisha kahawia. Ukiipiga pasi inageuka palepale. Kwa hiyo ukimwagikiwa na kitu kisichoonekana, kikumbuke, na ukimpelekea dobi mwambie: hapa kwenye mkono wa kulia palimwagika soda. Viyeyushi vingi vya dobi haviyeyushi sukari. Asipoambiwa atapitisha nguo kwenye mashine, atapiga pasi ya mvuke, na doa litajitokeza mbele yake kama amelitengeneza yeye. Ugomvi mwingi kati ya madobi na wateja chanzo chake ni hiki.

Bitana

Mimi mafuta. Blauzi ya hariri, rangi ya samawati iliyoiva. Doa lilikuwa dogo, kama punje ya dengu. Nikalowesha kwa maji nikapangusa. Sasa nina duara kubwa la maji na doa la mafuta bado lipo katikati. Nimekata tamaa.

Pindo la Ndani (mleta mada)

Usikate tamaa, dada au kaka, hilo linatibika kama hukusugua.

Mafuta na maji hayapatani, kwa hiyo maji hayakugusa doa. Kazi yaliyofanya ni kuchukua vumbi, jasho na mabaki ya dawa za kiwandani zilizokuwa kwenye kitambaa na kuyasukuma mpaka pale unyevu ulipoishia. Ukingo unakauka wa kwanza, kila kilichoyeyuka kinakimbilia huko na kubaki huko. Ndilo duara unaloliona. Kitambaa chenyewe mara nyingi kiko salama.

Anza na mafuta. Laza blauzi juu ya kitambaa cheupe, nyunyizia wanga wa mahindi au poda isiyo na manukato wala rangi, ifunike doa kwa unene wa kutosha. Iache usiku kucha. Asubuhi ikung'ute taratibu, usiipake kwa kidole. Kama poda imelowa au imebadilika rangi, rudia kwa poda mpya. Mafuta mabichi yanaweza kutoka yote kwa njia hii bila tone la maji.

Kikibaki kivuli, tazama lebo. Kama ina beseni lenye mkono, inafulika: tone moja la sabuni laini ya maji lililopunguzwa kwa maji, kwenye doa, bonyeza kwa kidole, kisha ifue blauzi yote katika maji ya baridi kwa dakika chache. Nasisitiza blauzi yote, kwa sababu kulowesha yote kwa usawa ndiko kunakoondoa duara. Usiikamue. Izungushie kwenye taulo, bonyeza, itandaze kivulini. Kama lebo imekataza maji, ipeleke kwa dobi na umwambie ni mafuta. Kiyeyushi chake mafuta ndiyo kinayoyaweza kuliko kitu kingine chochote.

Usichelewe sana. Mafuta yaliyokaa yanaungana na hewa yanakuwa kama vanishi ya njano, na hapo hata kiyeyushi kinapata kazi.

Mshazari

Nitofautiane kidogo. Suti yangu naifua kwenye mashine, maji baridi, mzunguko wa taratibu, na iko vizuri. Naona madobi wanatutisha.

Pindo la Ndani (mleta mada)

Kuna suti za poliesta zilizotengenezwa zifuliwe mashineni, lebo inasema hivyo, na kama yako ni hiyo uko sahihi kabisa. Ila mtu asisome ujumbe wako akaitumbukiza suti ya sufu.

Uzi wa sufu una magamba madogo yaliyopangana kama vigae vya paa. Ukikusanya maji, msukosuko na mabadiliko ya joto, magamba yananasana, nyuzi zinavutana na haziachiani tena. Nguo inarudi, inakuwa nene na ngumu. Lakini hata kama sufu ingepona, koti ni zaidi ya kitambaa cha nje, na hapa nawaachia mafundi cherehani waeleze.

Cherehani Kongwe

Nimeitwa nami naitika. Kifua cha koti kina tabaka la ndani linalokipa umbo. Kwenye makoti ya gharama tabaka hilo ni turubai la manyoya ya farasi na sufu, limeshonwa kwa mkono kwa mishono myepesi ili lisogee pamoja na mwili. Kwenye makoti mengi ya kiwandani tabaka limebandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa joto. Maji na msukosuko vinaachanisha gundi hiyo na kitambaa. Ukilivaa unaona kifuani vimetokea viputo, kola inajikunja, mabega yanakuwa na mawimbi. Kitambaa cha nje kinaweza kuwa hakijasinyaa hata kidogo, lakini cha ndani kimesinyaa, basi vinavutana.

Viputo hivyo wateja wananiletea wakiomba nivipige pasi. Vinalala kwa saa chache na kurudi. Kulitengeneza ni kulifumua koti lote, na gharama yake hailingani na koti.

Pia pasi. Pasi yenye moto mkali sana kwenye kifua cha koti la gundi inaleta viputo vilevile bila tone la maji.

Kola Nyeupe

Wajuzi, mashati meupe ya pamba yana njano kwapani na kwenye kola. Nimetumia dawa ya klorini, ndiyo kwanza njano imezidi!

Pindo la Ndani (mleta mada)

Imezidi kwa sababu ya klorini hiyohiyo. Njano ya kwapani kwa kiasi kikubwa inatokana na chumvi za aluminiamu zilizomo kwenye dawa za kuzuia jasho zikikutana na jasho lenye protini. Klorini ikigusa mabaki ya jasho inaweza kuyafanya ya njano zaidi, na kama shati lina poliesta ndani yake, nayo inapoteza weupe.

Kwa pamba nyeupe tumia unga wa kung'arisha unaotoa oksijeni, ule ambao kiini chake ni sodiamu perkaboneti. Yeyusha kwenye maji ya vuguvugu, loweka kwa saa kadhaa, kisha fua kawaida. Ya zamani yatahitaji kurudiwa. Usiupeleke unga huo kwenye hariri wala sufu, una alikali. Na kinga ni rahisi: acha dawa ya kwapa ikauke kabisa ndipo uvae. Manukato vilevile, jipulizie kabla ya kuvaa, kwa sababu spiriti iliyomo inaweza kuchuja rangi ya hariri ikaacha vidoti.

Kola ni mafuta ya ngozi na vumbi. Paka sabuni ya maji ya vyombo kwenye mstari ule, iache nusu saa kabla ya kufua.

Cherehani Kongwe

Niongeze la damu, maana mafundi sindano inatuchoma kila siku juu ya vitambaa vyeupe. Damu ni maji ya baridi tu, tena upesi. Maji ya moto yanaipika ndani ya uzi. Kwa tone dogo kabisa, mafundi tangu zamani tunatumia mate yetu wenyewe: unatafuna kipande cha uzi mweupe wa pamba mpaka kilowe, unakibonyeza juu ya tone, kinalinyonya. Hata wahifadhi wa sanaa za kale wanasafishia mate. Mwaka 1990 watafiti wa Ureno walichapisha utafiti wa mate kama kisafishio cha sanamu zilizopakwa dhahabu, wakaonyesha kwamba kimeng'enya cha amilasi ndicho kinachofanya kazi.

Likibaki doa hafifu kwenye hariri nyeupe au sufu nyeupe, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, kwa ncha ya pamba, kisha suuza. Kwenye rangi sigusi.

Zamu ya Usiku

Niulize la afya. Nikitoa suti kwa dobi wa kemikali inanuka. Ile kemikali ni salama?

Pindo la Ndani (mleta mada)

Swali la msingi. Harufu hiyo mara nyingi ni perkloroethilini, P niliyoitaja kwenye lebo. Imependwa kwa miongo mingi kwa sababu inayeyusha mafuta vizuri na haishiki moto, tofauti na petroli zilizotumika kabla yake. Lakini Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka kwenye kundi 2A, yaani inaelekea inasababisha saratani kwa binadamu. Walio hatarini zaidi ni sisi tunaoivuta kila siku kazini. Desemba 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani ilitoa kanuni ya kuiondoa kwenye kazi ya udobi hatua kwa hatua ndani ya miaka 10.

Wewe mteja fanya hivi: ukifika nyumbani vua ule mfuko wa plastiki mara moja, tundika nguo mahali penye hewa, nje ya chumba cha kulala, mpaka harufu iishe. Nguo inayonuka sana haikukaushwa vizuri mashineni, na una haki ya kuirudisha. Muulize dobi wako kama anatumia haidrokaboni au usafi wa maji wa kitaalamu. Vipo na vinafanya kazi nzuri.

Na jambo kubwa kuliko yote: suti haihitaji dobi kila ikivaliwa. Ukirudi, toa vyote mifukoni, ipige brashi laini kutoka juu kwenda chini, itundike kwenye hanga pana la mabega, iache ipumzike angalau siku moja kabla ya kuivaa tena. Sufu inaachia unyevu na mikunjo yenyewe. Doa dogo lishughulikie palepale. Peleka kwa dobi inapokuwa imechafuka kweli, na koti na suruali ziende pamoja ili zisije zikatofautiana rangi.

Cherehani Kongwe

Kwa wapenda historia: hati miliki ya awali kabisa ya kusafisha nguo kikavu, ule udobi usio wa kufua kwa maji, huko Marekani ilipewa mshonaji, Thomas Jennings wa New York, tarehe 3 Machi 1821. Anatajwa kuwa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata hati miliki nchini humo. Wateja walikuwa wanamletea nguo nzuri zilizochafuka, maji yanaziharibu, akatafuta njia nyingine. Mapato yake aliyatumia kuwakomboa watu wa familia yake utumwani na kuchangia harakati za kuukomesha. Njia yenyewe hatuijui kwa undani, kwa sababu hati zile ziliungua ofisi ya hati miliki ilipoteketea Desemba 1836. Mimi kama fundi hili linanigusa sana.

Mshazari

Asanteni, nimeelewa, na lebo nimeikagua: poliesta. Suruali yangu nyingine inang'aa makalioni na magotini. Kuna dawa?

Pindo la Ndani (mleta mada)

Ikiwa ni sufu, nyuzi zimelazwa na kukalia au na pasi. Lowesha kitambaa cha pamba kwa maji yenye siki kidogo, kikamue, kitandaze juu ya sehemu hiyo, pitisha pasi ya wastani ukiigusisha tu bila kuburuta, kisha piga brashi mvuke ukiwa bado unatoka. Mng'ao unapungua sana. Ikiwa ni poliesta na mng'ao umeletwa na pasi, nyuzi zimeyeyuka, hazitengenezeki. Siku zote piga pasi upande wa ndani, au weka kitambaa katikati.

Bitana

Mrejesho: nilitia wanga wa mahindi mara mbili, nikafua blauzi yote kama ulivyoelekeza. Mafuta yametoka, duara limetoka. Mungu akubariki! Sasa wino wa kalamu kwenye mfuko wa koti, na mahameli niliyoiwekea begi juu ikalala. Tafadhali.

Pindo la Ndani (mleta mada)

Nimefurahi kweli.

Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwa spiriti. Weka kitambaa cheupe chini, gusa kwa pamba yenye spiriti kidogo, sogeza kitambaa cha chini kila kinapopokea wino. Ukimwaga nyingi doa linasambaa likafika kifuani. Kama mfuko una bitana ya asetati au rangi inatoka ulipojaribu, acha, mpe dobi. Wino wa kudumu usijaribu nyumbani.

Mahameli usiiwekee pasi, utaponda manyoya yake moja kwa moja. Itundike bafuni penye mvuke, au pitisha mvuke kutokea upande wa nyuma, kisha iamshe kwa brashi laini ikiwa bado na unyevunyevu, ukifuata uelekeo wake.

Zamu ya Usiku

La mwisho kwangu. Gauni la harusi la hariri na lesi, na suti ya sufu, nataka kuviweka muda mrefu. Naweka naftalini?

Pindo la Ndani (mleta mada)

Kwanza visafishwe, hata kama vinaonekana safi. Kumbuka ile sukari isiyoonekana. Na nondo wa nguo wanafuata uchafu. Nondo mwenyewe anayeruka hali nguo, anayekula ni buu lake, na buu linapenda zaidi sufu yenye jasho na mabaki ya chakula kuliko sufu safi.

Naftalini siipendekezi. Mvuke wake una madhara, na kwa watu wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, hasa watoto wachanga, unaweza kuzivunja chembe hizo. Mtoto avikwe au afunikwe nguo iliyokaa na naftalini, hiyo ni hatari ya kweli. Mfuko wa kitambaa unaofungwa vizuri na ukaguzi wa mara kwa mara vinatosha kwa suti safi. Ukishuku mayai, ifunge kwenye plastiki, iweke kwenye friza ya -18°C kwa wiki mbili, kisha iache irudi kwenye joto la kawaida kabla hujaifungua.

Gauni usilitundike, uzito wake unavuta mishono ya mabega na lesi. Lilaze kwenye boksi kubwa, uweke karatasi laini isiyo na asidi kwenye kila mkunjo ili usikatike. Si karatasi ya rangi, si gazeti, si mfuko wa plastiki, maana plastiki inafungia unyevu na inaweza kuleta njano. Toa pini na vitu vya chuma vitakavyoshika kutu. Boksi likae pakavu na penye giza, lisigusane na sakafu, na kila mwaka lifungue kwa mikono safi, ukunje mahali tofauti na pa mwaka uliopita.